Mtihani wa Soksi wa Bi Marrigje

Ifahamike kwa walio karibu na walio mbali, kwa wenye magari na waendao kwa baiskeli, kwamba saa tatu na robo asubuhi ya Jumamosi, katika uga wa kuuzia makaravani yaliyotumika, zile nyumba ndogo za kuvutwa na gari, nje kidogo ya mji wa Gouda, Uholanzi, kunafanyika tendo litakalosimuliwa kwa vizazi.

Mzee Teunis Oskam, mwenye umri wa miaka 81 na kimo cha mita moja na sentimita 91, anavaa soksi.

Ameketi ukingoni mwa kitanda ndani ya karavani kubwa jeupe. Soksi moja imeingia. Ya pili haionekani. Mkewe, Bi Neeltje, 78, anataka kupita kwenda kuchemsha kahawa, lakini magoti ya mumewe yameziba njia kama lango la mfereji.

"Sogea basi, Teunis."

"Nisogee niende wapi? Nyuma ukuta, mbele wewe."

"Basi nikuruke?"

"Mwaka sabini na mbili ungeniruka. Sasa utanivunja."

Nje, Marrigje Verkaik, 59, ameegemea mlango akitazama saa yake. Dakika ya tisa anatikisa kichwa.

"Shukeni. Hili si lenu."

Huo ndio mtihani wake. Kwa miaka 27 ya kuuza karavani, Marrigje hajamtajia bei mnunuzi yeyote aliyepita umri wa sabini kabla hajamwona akiigiza asubuhi moja. Mume na mke walale, waamke, wavae soksi, wachemshe kahawa, kisha wainywe mezani kwa biskuti moja moja.

"Watu huchagua karavani wakiwa wamesimama, viatu miguuni," anasema. "Wakifika kambini kwa likizo, mzee anaamka kwenda msalani, anamkanyaga mkewe tumbo. Kabla ya Juni karavani limerudi hapa, na wao hawasemeshani."

Aliyajua hayo nyumbani kwao. Baba yake alipostaafu alinunua karavani refu kama basi. Mama yake aliipanda ngazi yake mara mbili. Mara ya tatu akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Karavani likakaa ghalani miaka minane, likifuga buibui.

Tajiri wake haupendi mtihani huo. Karavani jeupe lililokataliwa asubuhi hiyo linauzwa euro 21,000, na Marrigje, mwenye mshahara wa euro 2,500 kwa mwezi, hupata kijisehemu cha kila mauzo.

"Vijisehemu vimenikimbia vingi," anacheka. "Lakini hakuna aliyerudi kunitukana. Hata mmoja."

Akina Oskam walikuwa na sababu ya kuja. Tangu waoane wamekwenda kila Mei kwenye kambi ile ile ya misituni, mkoani Drenthe. Mwaka jana hawakwenda. Karavani lao la zamani lilikuwa refu, na upepo wa barabara ya juu ya tuta la kuzuia maji ukaanza kuliyumbisha pamoja na kigari chao, wakaliuza. Binti yao sasa anawashauri wapande meli ya wazee inayotembea mtoni.

"Unapewa supu, unaonyeshwa kanisa," anasema Teunis. "Kesho yake supu nyingine, kanisa lingine."

Walitaka karavani fupi, tena liingie katika banda lao la gari, kwa sababu mtaani kwao haliruhusiwi kulala barabarani zaidi ya siku tatu. Teunis alikuja na kimo cha mlango wa banda kimeandikwa daftarini: mita mbili na sentimita 15.

Marrigje akawapeleka nyuma ya uga, kwenye karavani dogo la kijivu. Paa lake likishushwa, kimo chake ni mita mbili na sentimita sita. Bi Neeltje alilisukuma paa kwa mkono mmoja likapanda lenyewe, na hata Teunis akasimama wima. Kidato cha mlangoni kilikuwa chini, na vitanda viwili vimetengwa na njia katikati. Soksi ilikuwa bado haijapatikana. Bi Neeltje akapita bila kumruka mtu, akatoa nyingine mkobani, akaweka kahawa jikoni. Dakika nne.

"Mmefaulu," alisema Marrigje. "Euro 9,800. Jumatano nalileta mwenyewe. Lisipoingia bandani, narudi nalo."

Jumatano akalileta. Kabla ya kulifungua kutoka kwenye gari, akasimamisha ufito wa kupimia mlangoni mwa banda. Mita mbili na sentimita nne. Akapima tena. Nne.

"Mzee Oskam, hii kumi na tano uliipima lini?"

"Tisini na nane. Mlango haujahama."

"Mlango haujahama," alisema Bi Neeltje. "Ardhi ndiyo imepanda, we mzee."

Ardhi ya huko ni mboji, huzama. Nyumba zimesimama juu ya nguzo na hubaki palepale, lakini barabara hushuka, na kila baada ya miaka kadhaa hujazwa mchanga na kuinuliwa. Tangu 1998 mtaa wao umeinuliwa mara mbili. Kijia cha mbele ya banda kikapandishwa pia, tofali kwa tofali, na fundi hodari asiyelipwa: Teunis Oskam.

Teunis akatazama matofali yake. "Supu na kanisa," akasema.

 Marrigje alichuchumaa, akapunguza upepo kwenye matairi. Ikapatikana sentimita moja. Akaacha hapo, asije akaharibu magurudumu. Kisha akageukia ng'ambo ya mtaa, ambako majirani walikuwa wakitazama kupitia madirisha yao yasiyo na mapazia, huku wakijifanya wanamwagilia maua.

"Nyinyi sita. Njooni mwingie ndani."

"Tukafanye nini?" aliuliza Arie, muuza jibini wa kilo 130.

"Ukakae. Wewe katikati, juu ya ekseli ya magurudumu."

Wakaingia. Springi zikalalamika, karavani likashuka. Na kwa kuwa kijia cha Teunis sasa kiko juu kuliko sakafu ya banda, liliteremka lenyewe polepole, Marrigje akilizuia kwa breki ya mkono. Paa likapita chini ya boriti, likiacha nafasi ya unene wa sarafu.

Ndani ya banda sita wale wakashangilia gizani. Bi Neeltje akawapitishia kahawa dirishani, na biskuti. Moja moja.

"Tarehe mbili Mei tunalitoa," Teunis akawatangazia. "Watu ni hawa hawa. Na msipungue."

Marrigje naye ana mpango. Pacha wa karavani lile ameliweka pembeni mwa uga, na bango la LIMEUZWA bila jina la mnunuzi. Akistaafu ataondoka nalo pamoja na mumewe, Kees.

"Kees amefeli mtihani mara tatu," anasema. "Anakariri darasa."

Makala haya aliyasoma Marrigje kabla ya kuchapwa. Alipofika penye soksi isiyoonekana, akavua miwani, akanyoosha kiganja.

"Ilete."

Mwandishi anakiri. Soksi ilikuwa mfukoni mwa koti lake tangu saa tatu na dakika kumi, kwa ajili ya picha nzuri ya mzee akichungulia chini ya kitanda.

"Nilikuona," alisema Marrigje. "Magoti yale yangeziba njia hata kwa soksi kumi. Ila mwenyewe utampelekea."

Soksi imerudishwa, imefuliwa. Mzee Oskam aliipokea, akampima mwandishi kwa macho kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akamwandika daftarini kuwa mtu wa saba wa tarehe mbili Mei. Inasemekana Arie ameanza kupungua.