Mgongo wa Fundi Havugimana

Mimi Mama Angèle nauza chai na mikate hapa mtaa wa Murara, ng'ambo ya barabara kutoka atelie ya Havugimana, fundi wa nguo, kwa hiyo habari zake msinisimulie. Nimekaa nazo miaka tisa. Kushona anajua, hiyo simnyimi. Ubaya ni mdomo. Mashini yake ilikuwa inaangalia barabara, na hakuna mutu aliyepita bila kuulizwa habari za asubuhi, za bibi, za watoto, za mafua ya juzi. Akimaliza salamu, suruali ya mutu imelala siku ya nne.

Basi mwezi wa nane binti yake Igihozo akawa anaolewa, na baba akaahidi kumshonea robe, gauni la harusi, kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu ya wiki ya ndoa, robe ilikuwa na mkono mmoja. Igihozo hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Alhamisi saa sita ikifika haijaisha, anaenda mjini kukodi, aolewe na nguo iliyokwisha kuvaliwa na wengine. Siku hiyo Havugimana hata chai yangu aliiacha ikapoa. Nilimuonea huruma na hasira kwa pamoja. Mabinti wa watu amewavalisha wote, wa kwake je?

Jumanne akaja na sheria, sijui kaitoa wapi. Telefone kaiacha nyumbani, bibi yake, mama ya Igihozo, kaificha ndani ya ndoo ya unga. Mashini kaigeuza iangalie ukuta. Kuanzia saa moja mpaka saa sita hasalimii mutu, na itakuwa hivyo kila siku mpaka mwili uzoee. Nilimcheka wazi.

Kumbe Murara hakuipigia hesabu. Kamate, mwendesha pikipiki, akapita akamsalimia: mgongo. Akarudi, akasalimia tena: mgongo. Kwetu huku mutu anayeangalia ukuta, telefone haishiki, chai haitaki, huyo amefiwa. Kamate akawa anabeba abiria, na kila abiria anamshusha na habari. Kabla ya saa nne wamama wakaanza kuingia, vitenge vimefungwa kiunoni, kila mmoja na kiti chake. Huyu ana sufuria ya maharage, yule ana makala ya kupikia. Wakakaa, wakanyamaza, maana mfiwa hapigiwi maneno mengi.

Havugimana aligeuka mara moja. Akafungua mdomo aeleze, nilimwona kwa macho yangu. Halafu akaona kitu ambacho hajawahi kukiona tangu afungue atelie: watu kumi na wawili, na hakuna anayemuuliza kitu. Akafunga mdomo, akarudi kwa mashini. Saa sita mkono wa pili ulikuwa umeingia, naye akatokea mlango wa nyuma asiulizwe kitu.

Jumatano wakaongezeka. Walinong'ona kwamba maskini, sanda anaishona mwenyewe. Robe ilikuwa nyeupe, muwasamehe. Na mimi niliyejua ukweli? Nilinyamaza. Watu wa kilio wanakunywa chai sana.

Alhamisi, saa sita inakaribia, Igihozo, ambaye wiki hiyo alikuwa kwa shangazi yake, akaja kumuaga baba yake aende mjini. Akakuta kilio mlangoni. Akapita katikati ya viti akimtafuta mama yake kwa macho.

"Papa, ni nani alikufa?"

Havugimana akakata uzi wa mwisho, akasimama.

"Hakuna mutu alikufa, mutoto wangu. Nilikuwa nashona."

Mama wa maharage alimwangalia, nikajua leo fundi anapigwa na sufuria. Lakini Igihozo alikwisha kuchukua robe na kuingia nyuma ya pazia. Alipotoka, hasira tukaisahau. Ilimkaa shingo, ikamkaa kiuno, na mikono yote miwili sawa. Havugimana akataka kusema kitu, mutu wa maneno yote yale, akashindwa. Akalia kwa sauti. Wamama wakainuka, wakamshika mabega, wakampa pole, na sasa ilikuwa pole ya kweli, maana Jumamosi mutoto anaondoka.