Toto Arobaini na Mbili

Mwalimu Magdalene Wakonyo alikuwa na hasira za aina mbili. Moja ilipanda na kushuka, kama ya watu wote. Nyingine aliipata Januari ya mwaka 1956, na hiyo haikushuka tena.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya shamba moja la kahawa nje ya Ruiru. Mkuu! Mkuu wa vyumba viwili vya udongo, mwalimu msaidizi mmoja na ubao uliopasuka katikati. Aliyemtangulia alichukuliwa na askari wakati wa Hali ya Hatari, akaenda kizuizini. Katika shule ile hakuna mtoto aliyewahi kuvuka darasa la nne. Mtihani wa kuvuka ulifanyiwa Thika kila Novemba, na Novemba kahawa imeiva. Basi nyapara Muasya aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni mwa shule, na watoto wote wakatoka kwenda kuchuma.

Hata daftari la kuita watoto lilitoka ofisi ya shamba. Halikuwa na majina. Kila mama alikuwa na debe lililopakwa nambari kwa rangi nyeupe, na mtoto wake akaandikwa kwa nambari hiyo: Toto 19, Toto 42. Ofisi ilitaka kujua kwa haraka nani hajafika kuchuma. Wakonyo aliliona daftari hilo wiki yake ya kwanza, akakunja uso, kisha akaliacha. Alikuwa na vita vikubwa zaidi vya kupigana. Kila asubuhi akaita, "Toto arobaini na mbili!" na msichana mwembamba akaitikia, "Niko, Mwalimu!"

Vita vyenyewe vilikuwa kuwatoa watoto saba wa darasa la nne kwenye kahawa hadi mtihani upite. Mara tano alimwendea bwana wa shamba, na mara tano akajibiwa neno lile lile: "Toto chuma kahawa kwanza." Mara ya sita akaenda na akina mama. Wamboi, mama wa yule msichana, ndiye aliyesema.

"Debe ya mtoto wangu nitajaza mimi. Lakini mtihani ataenda."

Bwana hakupoteza kitu, akakubali. Wanawake wale walichuma sehemu zao na za watoto wao, vidole vikachanika, na hakuna aliyewapa hata pole. Wakonyo akahangaika kutafuta vibali vya kusafiri, maana Mkikuyu hakuruhusiwa kwenda hata Thika bila karatasi. Akapanda treni na watoto wake saba, nguo zimefuliwa, penseli zimechongwa.

Januari matokeo yakatoka. Shule yake haikutajwa popote.

Alirudi Thika. Karani wa mitihani akamletea karatasi saba zilizofungwa kwa uzi. Hazikuwa na alama hata moja ya kalamu nyekundu. Mahali pa jina, kwa mwandiko safi, pameandikwa Toto 42. Toto 19. Zote saba vivyo hivyo.

"Hizi hazina majina," karani akasema. "Tungesahihishia nani?"

"Majina ninayo! Zisahihisheni sasa hivi, mimi nasimama hapa."

"Nafasi zimejaa, Mwalimu. Na mtihani haurudiwi."

Aliomba, kisha akapiga kelele mpaka askari akaja mlangoni. Karatasi zikafungwa tena.

Shambani alimkuta yule msichana wa nambari 42 kwenye mistari ya kahawa. "Njambi, mbona hukuandika jina lako?"

"Msimamizi wa mtihani alisema tuandike jina tunaloitwa shuleni." Njambi alimtazama bila kuelewa kosa liko wapi. "Si ndivyo unavyoniita, Mwalimu?"

Wakonyo alimkasirikia bwana wa shamba, akaikasirikia ofisi, akamkasirikia karani na uzi wake. Lakini zaidi ya wote aliukasirikia mdomo wake mwenyewe, uliowaita watoto wa watu kwa nambari za madebe, asubuhi baada ya asubuhi, huku ukijidai unawafundisha.

Kesho yake alilichana daftari mbele ya shule nzima. Akachukua jipya, na kila mtoto akasimama kusema jina lake na la baba yake. Kazi hiyo ilimaliza asubuhi yote. Hakuna somo lingine lililofundishwa.

Msimu uliofuata Muasya akagonga reli. "Toto kumi na tisa!" Kimya. "Toto thelathini!" Kimya.

"Mwalimu, ambia hawa watoto wakuje!"

"Waite."

"Si nimeita?"

"Hujaita mtu."

Muasya alisonya, lakini mwishowe ilibidi ajifunze majina. Novemba hiyo watoto kumi na mmoja walikwenda Thika, na wanne wakavuka.

Wale saba wa kwanza hakuna aliyewarudishia mwaka wao. Njambi alipewa debe lake mwenyewe, akakwangua nambari kwa jiwe, na mahali pake akaandika kwa mkaa: NJAMBI WAWERU. Muasya hakujua kusoma, kwa hiyo kila siku ya kupima kahawa ilimbidi amuulize debe ni la nani, naye akamjibu.

Wakonyo aliyaona maandishi yale, na hakufurahi hata kidogo. Herufi zilikuwa zimenyooka, nzuri kuliko za mwalimu msaidizi. Mwandiko ule ulikuwa wa kuandikia mtihani.