Mama Ireri Alivyopona

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika kitengo cha utafiti, Meru, mtafiti mkuu alinipa koti jeupe na onyo. "Sista, hapa hatuponyi mtu. Tunajaribu dawa."

Nilikulia kwenye viazi vya Kibirichia, ambako gunia hukaguliwa juu na chini kabla ya kusifiwa, kwa hiyo nilimwelewa. Wagonjwa hawakumwelewa. Mtu ambaye saratani ya utumbo mpana imeshamfika kwenye ini, ukimwambia jaribio, yeye husikia tiba.

Dawa yenyewe, ya kutiwa kwenye mshipa, haiui saratani. Huamsha askari wa kinga ya mwili ili waipige. Shida ni kwamba askari hao wakiamka vibaya hupiga hata nyumba ya mwenyewe. Utumbo ukiwaka, mgonjwa huhara. Hapo dawa husimamishwa na kinga hutulizwa kwa steroidi. Akichelewa kusema, utumbo hutoboka.

Nilipohamishiwa Embu, kwenye jaribio hilo hilo, nilimpokea Mama Ireri, mkulima wa Karurumo. Skani ilionyesha uvimbe umepungua kidogo. Kidogo hicho alikipeleka kanisani, akashuhudia kuwa amepona. Aliporudi kliniki nikamuuliza habari ya tumbo, mara mbili, kama ninavyohesabu chenji. Sawa kabisa, akasema, Bwana asifiwe. Lakini mtu akimsifu mbuzi wake kupita kiasi, mtazame mbuzi miguu. Mama alikuwa ameshika ukuta, midomo imekauka.

Nikaketi kando yake. "Mama, mimi si mchungaji. Unahara?"

"Nimeshaambia kanisa nzima nimepona. Sasa niwaambie Mungu ameghairi?"

"Niambie mimi tu."

"Mtanitoa kwa dawa."

"Tutakutoa."

Akaanza kupatana nami: apewe dozi moja tu, kisha atasema yote. Mimi niliyeshusha bei za nusu ya soko la Embu sikuwa na pa kushukia. Nikamwambia hapana.

"Ni wiki mbili sasa," akasema. "Na damu."

Daktari wa zamu alimlaza papo hapo. Utumbo ulitulia. Dawa hakurudishiwa, na saratani ikaendelea na kazi, haihitaji kibali cha mtu.

Sasa nimestaafu, na wauguzi vijana huniuliza kama nilimwokoa. Nilimbadilishia kifo tu. Cha kwanza kingemkuta peke yake chooni, kanisa likiimba kuwa amepona. Cha pili kilimkuta kitandani, akina mama wa kanisa hilo wakimgeuza kwa zamu.