Namba tisa

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nyamisangura, nasubiri misumari. Mbele yangu alisimama Mchina wa makamo, msimamizi wa kambi ya barabara. Runinga ukutani ilikuwa inaonyesha mpira. Mshambuliaji akapaisha shuti goli likiwa wazi, Mchina akaguna, akajigonga kifua.

"Mimi, zamani, namba tisa."

Muuza duka akapekua droo, akamwekea spana namba tisa.

Mchina akatikisa kichwa. Akatoa simu, akatuonyesha picha ya kijana mwenye jezi nyekundu, amebebwa mabegani, uwanja umefurika. "Miaka kumi na mbili. Halafu goti, kwisha." Akapandisha suruali tuone kovu.

Muuza duka akaitazama picha, akamtazama mwenyewe. "Mura, ninyi si mnafanana wote. Spana unachukua au huchukui?"

Tukacheka, na mimi nikiwemo. Ambaye hakucheka ni mlinzi wa duka. Aliinuka kwenye kiti chake mlangoni, akachechemea hadi kaunta, akampa Mchina mkono, kisha naye akapandisha suruali. Wakatazamana magoti.

Muuza duka namsamehe, China ni mbali. Lakini yule mlinzi alikuwa namba tisa wetu, na siku moja tulimbeba mabegani kutoka uwanjani hadi stendi. Mguu wa kushoto niliushika mimi. Juzi nilimpita mlangoni nikamwambia, "Mlinzi, niangalizie pikipiki."