Jalabiya ya Kijani Katikati ya Makoti

Siku ya kwanza Mudiri hakunionyesha duka. Alinipitisha hadi chumba cha nyuma, akasukuma mfuko wa nguo kwa mguu, akaniambia nitoe ya juu ninuse. Nilidhani ananipima akili.

"Pua kwanza, mikono baadaye," alisema. "Usichoweza kumvalisha mama yako, usikitundike."

Alikuwa Msudani mrefu, na mudiri ndio meneja kwa Kiarabu. Jina lake hatukulitumia. Duka letu la hisani lilikuwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, jijini Doha, chini ya ghorofa za kupangisha. Watu walileta walivyovichoka, sisi tukaviuza kwa bei ya chini, na kilichopatikana kikaenda kwa wasiojiweza.

Kazi ya nyuma iliitwa kuchambua. Nguo nzima ilipigwa mvuke, yaani ilinyooshwa kwa hewa ya moto bila pasi kuigusa, ikatundikwa kwenye henga, tayari kuuzwa. Iliyokosa kifungo ilingoja fundi. Iliyochakaa ilikuwa matambara, ya kufutia mafuta gereji. Mimi niliishia darasa la saba, na hadi leo sina hakika kama nilichambua vizuri. Wapo walionizidi kasi, na nikawaambia hivyo.

Baadaye nikawekwa kwenye gari la kukusanya michango, mimi na dereva Mganda. Huko The Pearl, mtaa wa wenye pesa, tuliwakuta wanaohama nchi, wakitoa sufuria, vitabu, hata kitanda cha mtoto. Nilikuwa nikifikiri anayetoa anapoteza. Kumbe wengi walinikabidhi mfuko wa mwisho halafu wakashusha mabega kama waliotua mtungi. Wapo pia waliotupa uchafu wao kwetu wakauita msaada, lakini sitawaweka wote kapu moja. Askari mmoja wa getini alituletea jozi moja ya viatu, kaving'arisha hadi nikaona haya kuvishika.

Mgongo uliponisumbua wakanirudisha dukani, mbele, nisimamie wateja. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wasichana wa kazi za nyumbani, mabaunsa, wapishi wa hoteli, wote walikuja kupekua. Sijui niieleze vipi raha ile. Mtu amechoka wiki nzima, halafu mkono wake unaibuka na sweta ambalo ni kama lilikuwa likimngoja. Mkenya mmoja alijaribu suti nyeusi mbele ya kioo, mwenzake akamuuliza kama anaenda kuoa ama kuzikwa. "Yoyote itakayotangulia," akajibu, akainunua.

Kulikuwa na desturi moja ambayo Mudiri aliikataza na hakuna aliyeiacha. Mtu akipenda kitu kabla ya mshahara, alikificha. Makoti mazito ya kiume hayakuwa na wateja Doha, kwa hiyo kila kizuri kilijibanza humo. Mimi nilijua, na Mudiri, nadhani, alijua zaidi yangu.

Rukia alificha humo jalabiya ya kijani, ile kanzu pana ya kike, yenye tarizi ya dhahabu kifuani. Alikuwa mtu wa Kilifi, mfanyakazi wa ndani, na alikuwa anarudi nyumbani kumwoza binti yake. Kwetu anayetoka Arabuni haingii harusini na mikono mitupu. Kila Ijumaa aliichungulia, akairudisha gizani.

Ijumaa yake ya mwisho kabla ya kusafiri, akiwa ameishika tayari kulipa, aliingia bibi mmoja wa Kikatari, mzee, akisaidiwa na dereva wake. Alipokuwa amelazwa hospitali, mabinti zake walisafisha makabati wakagawa nguo zake. Anatafuta, alisema, jalabiya ya kijani aliyotariziwa na dada yake marehemu. Kisha akaiona mikononi mwa Rukia.

Nilimwita Mudiri. Bibi mwenyewe ndiye aliyesema kwamba sadaka hairudiwi, hata kwa kuinunua, anajua. Ila hii, alisema, hakuitoa kwa ulimi wake. Mudiri alikuna ndevu, akasema atamuuliza sheikh. Hakukosea: angempa bibi, angemnyang'anya Rukia; angempa Rukia, angemwumiza mzee mgonjwa. Lakini sheikh angejibu Rukia akiwa tayari angani.

Rukia akalipa. Akachukua nguo, akaenda kwenye kiti cha plastiki alichokalishwa bibi, akaiweka mapajani pake.

"Mama, hii sasa ni yangu," alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Sadaka imeishia kwangu. Mimi nakupa zawadi."

Bibi aliuliza ilikuwa ya nani. Akaambiwa, ya binti, ya harusi. Akataka kufungua mkoba, Rukia akaufunika kwa kiganja. Kule busu la kichwani hupewa mkubwa, kwa heshima. Yule bibi akamvuta Rukia chini, akambusu utosini, mbele yetu sote.

Rukia akachagua nyingine, ya rangi ya maziwa, isiyo na tarizi. Nikamnyooshea kwa mvuke huku nikimwambia wazi kwamba sikumwelewa.

"Mama Peter, miaka yote hii mimi ni wa kupewa," akasema. "Hata sabuni napewa. Wacha leo na mimi nitoe."

Sijui ile nguo ilimkaaje binti. Bibi naye sikumwona tena. Haukupita muda nikahamishiwa tawi la Al Wukair, na huko ndiko nilikochokea. Miguu ilivimba, na pua ikaacha kutofautisha udi na jasho. Nikaomba kuondoka kabla sijaanza kutundika makosa.

Siku ya kuaga nilipeleka mfuko wangu mwenyewe: gauni langu la kanisani, viatu, shuka mbili. Nilivifua usiku uliotangulia, nikavifua tena asubuhi. Dada aliyerithi nafasi yangu hakunijua vizuri. Alitoa gauni, akaliinua usoni, akavuta pumzi. Nilisimama pale na uzee wangu wote, nikingoja.

Akanyoosha mkono, akachukua henga.