Fisi Nilimutungia Kapita

Bantu bananiuliza namna ya kuandika hadithi ya batoto. Minyi mwenyewe, masomo yangu ilikwisha mbio, wakati baba alianza kukohoa, lakini ile kazi naijua. Na nasema wazi: sikuijifunza juu ya mapendo. Nilitaka muntu moja achekwe.

Ule muntu alikuwa kapita, musimamizi ya kikosi yetu, pa Kamina, tulipokuwa tunatengeneza njia ya reli. Alikuwa na viatu kubwa ya ngozi, anaipakaa mafuta kila asubui, na minyi naona hata leo namna ilingaa. Baba alipokufa, mama alipika munkoyo, kile kinywaji yetu ya mahindi, sababu bantu ya matanga hauwezi kuwaacha na kiu. Kapita akafika, akasema kelele imezidi mu kambi.

Mama akamujibu na heshima: "Kapita, tunalia tu. Kaa, unywe kidogo."

Akapiga teke nyungu, ile chungu ya munkoyo. Munkoyo ikamwangika mbele ya bantu yote, na mama akapiga magoti, akaanza kuokota vipande. Minyi sikumupiga. Kama ningemupiga, nyumba ya kambi tungeipoteza siku ile ile, na mama angelala wapi? Tangu pale akawa anaenda kuteka maji wakati bamama bengine bamerudi. Haya ilimukamata yeye, hapana kapita.

Basi nikatunga fisi.

Ya kwanza ilikuwa mubaya sana, na wengi munaandika sawa ile. Nilimupa fisi filimbi ya kapita, nikamupa ndevu yake, nikamutukana toka mwanzo. Akaungua. Akazama mu mto. Nyuma yake simba akamukula, sababu kuzama haikunitosha. Na batoto ya kambi, bale benye kukuja ku moto yetu kisha kula, balianza kupiga miayo. Kitoto moja ya mwanamuke, jirani yetu, mwenye kuniita yaya, ni kusema kaka, akaniuliza:

"Yaya, ule fisi alikukosea nini weye?"

Bakacheka yote. Minyi nikakasirika, nikawafukuza. Lakini ule mutoto aliona: fisi haikuwa mu hadithi, ilikuwa mu tumbo yangu. Mutoto hatamuchukia fisi yako bure bure. Umuonyeshe kitu, achague yeye mwenyewe.

Kosa ya pili ni aibu kwa Muluba sawa minyi. Hadithi yetu iko na wimbo ndani. Mwenye kusimulia anaanza, bantu banaitika. Minyi sikuacha hata nafasi ya kuitika. Hasira inapenda kusema peke yake. Mujomba yangu ya Kaniama, ule mwenye ng'ombe, alikuwa anaweza kusimulia mpaka unasikia harufu ya maziwa, na nusu ya hadithi yake ilikuwa mu kinywa ya bengine. Muongo mukubwa, lakini alijua kazi.

Basi nikakata. Filimbi, nikaiondoa. Simba, nikamurudisha kwake. Matusi yote, nikaiondoa, na iliniuma, sababu moja ilikuwa muzuri kabisa. Nikabakisha fisi mwenye viatu mupya, anajipenda, anapita mu kijiji kuonyesha ile viatu. Anakuta nyungu mu njia. Bantu banamuambia: "Zunguka, baba." Fisi yeye hazunguki. Anapiga teke, muguu inaingia, haitoki tena. Anaenda arusi nayo. Anaenda misa nayo. Kila pahali minyi naimba, "Fisi, muguu iko wapi?", na batoto banaitika, "Iko mu nyungu!"

Batoto balianguka chini na kucheka. Kesho yake baliimba ku kisima, bakaimba ku njia ya masomo. Mutoto ya kapita mwenyewe aliimba sana kupita bote, na sikumukataza. Nilimufundisha vizuri.

Sasa, kunyanyua chuma ya reli bila wimbo haiwezekani. Moja anaanza, bengine banaitika na kunyanyua pamoja. Asubui moja ule mwenye kuanza, baba ya batoto bane, akafungua kinywa: "Fisi, muguu iko wapi?"

"Iko mu nyungu!" Na chuma ikapanda.

Kapita akauliza: "Ni wimbo gani ile?"

"Ya batoto, kapita. Hata wako anaijua."

"Muimbe ingine!"

Bakaimba ingine, na mikono yote ikalegea. Chuma haikutoka pa chini. Muzungu ya kazi akaanza kumufokea kapita, na kapita akafanya na mukono: haya, muimbe.

Saa ya kula mama akafika na kikapo ya bukari, ugali yetu. Nilikuwa sijamuambia kitu. Akasimama kando ya njia, akasikiliza mara moja. Ya pili, akaweka kikapo chini, akaitika, na sauti yake ilipita ya banaume bote. Kapita akageuka, akamuangalia. Mama hakuinamisha kichwa. Akangoja minyi na benzangu tuanze tena.