Kabla ya Kuweka Windows Mpya

Pale kijijini Daudi, ukiuliza nani anarekodi kwaya, hata mtoto anayechunga ndama atakuelekeza kwa Kornelia. Duka lake linauza chumvi, vocha na sabuni, na nyuma ya duka kuna chumba kilichobandikwa trei za mayai ukuta mzima ili sauti isirudi. Hiyo ndiyo studio. Wageni huanza kwa kucheka mlangoni, kisha huingia, huimba, na huondoka na CD yao wakiwa wameshika adabu.

Alianza zamani, soko huria lilipojaza radio kaseti minadani, akawa ananakili nyimbo za kanisa kwa radio mbili zilizotazamana. Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha akanunua kompyuta iliyokwishatumika. Majirani wakasema mjane na kompyuta wapi na wapi. Kornelia hakubishana nao, alikuwa na vidole vya kufundisha. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na Windows ya zamani na programu moja ya kurekodi, na aliishi navyo miaka mingi, akijua lini vitakubali na lini vitagoma, kama anavyojua ng'ombe wake yupi hupiga teke akikamuliwa.

Kisha siku zikabadilika. Patriki, mwalimu wa kwaya ya vijana, alileta flashi yenye nyimbo zilizotengenezwa kwa kinanda. Kompyuta ikazikataa moja baada ya nyingine.

"Samahani sana, Mama Violeth," Patriki alimwambia Kornelia, macho chini. "Vijana wameshaniambia, kama hapa haiwezekani tukarekodi Babati."

Kornelia alijua maana yake. Kwaya moja ikienda Babati, zote zitafuata, na yeye atabaki kuuza chumvi. Akamwita fundi Theodory, kijana mpole asiye na haraka. Theodory alikagua, akakuna kichwa.

"Programu mpya haiwezi kukaa kwenye Windows hii, mama. Tukiweka mpya, ile ya zamani haitafunguka tena. Na disk ni hii moja, lazima niifute yote."

Kwaya zote zilikuwa zimeshawekwa kwenye CD, hazikuwa na shida. Kilichokuwa hakijatoka ni kitu kimoja: slufay ya baba yake.

Slufay ni dua ya Wairaqw. Mzee husimama mbele ya watu akaomba mvua, uzazi, mifugo na amani, sentensi kwa sentensi, na kila anapotua watu huitikia kwa pamoja, kutoka kifuani. Baba yake, Mzee Akonaay, alikuwa bingwa wa dua hiyo. Alipokuwa bado na nguvu, Kornelia alimwingiza studio na majirani wachache, kisha, kwa utaalamu wake mwingi, akawaambia majirani wasitoe sauti, watikise vichwa tu, apate rekodi safi. Mzee alinuna, lakini alimpenda binti yake, akasema slufay nzima akitazama vichwa vinavyotikisika. Rekodi ikatoka safi kweli, na haikumfurahisha mtu yeyote. Kila aliyeisikia aliuliza mzee anaongea na nani.

Baadaye kiharusi kikamshika mzee, maneno yakampotea yasirudi. Sauti yake ikabaki ndani ya ile kompyuta tu, kwa maana kila Kornelia alipojaribu kuitoa, programu iliganda katikati, na tundu la waya wa spika za masikioni lilikuwa limekufa siku nyingi, hivyo hata kuivuta kwa waya haikuwezekana.

Kaka yake Hermani alipopata habari alipanda kutoka Katesh akiwa amefura. "Iache kompyuta kama ilivyo. Ukiifuta sauti ya baba, mimi na wewe basi."

"Na hii ikifa yenyewe kesho, utamlaumu nani?" Kornelia alimjibu. "Kompyuta inazeeka, Hermani. Nikikaa tu nikiilinda, nitapoteza kazi na sauti pia. Sauti inatoka kwanza, halafu Windows inaingia. Nimeshaamua."

Hermani alisema mengi, lakini hakuna aliyewahi kumgeuza Kornelia akishasema ameshaamua. Hata marehemu mumewe aliacha kujaribu mapema.

Njia ilibaki moja: kuicheza slufay kwenye spika ya ndani ya kompyuta, na laptopu ya Theodory iidake kwa maiki iliyosimamishwa mbele ya spika hiyo. Ilihitaji kimya. Kornelia alifunga duka na kuwaomba wateja, waliokuwa na magunia yao ya vitunguu saumu, wasubiri barazani bila kelele. Mzee Akonaay alimshika upande wa kanga akaing'ang'ania, basi Kornelia akamwingiza naye, akamkalisha kitini na blanketi mabegani. Hermani akasimama pembeni, mikono kifuani.

Sauti ikaanza. Ilikuwa nzito na ya uhakika, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Ikatua mwisho wa sentensi ya kwanza, pakawa kimya. Ikatua mwisho wa ya pili. Kornelia alihisi aibu ikimpanda usoni, kwa sababu sasa alikisikia kile kimya alichokiomba mwenyewe.

Sentensi ya tatu ilipotua, mzee aliitikia.

Haikuwa neno lililonyooka. Ilikuwa mngurumo kutoka kifuani, lakini ulikuja mahali pake hasa. Theodory aliinua mkono kwa hofu. Kornelia naye alikuwa ameshageuka amnyamazishe baba yake, kidole kimefika mdomoni, akaona lile jicho lake zima, lisiloguswa na kiharusi, linavyomtazama. Akakishusha kidole.

Sentensi iliyofuata Kornelia aliitikia na yeye. Barazani Mama Rogathe, jirani aliyekuwa miongoni mwa waliotikisa vichwa siku ile, akaitikia kupitia mlango uliofungwa, na wenye vitunguu wakamfuata. Hermani aliitikia wa mwisho, akilia waziwazi, wala hakujifuta. Mzee aliomba mvua kwenye spika na mzee akaipokea kitini, hadi mwisho.

Ilipokwisha, Theodory alikohoa. "Pole, mama. Imeingia kelele yote. Niwatoe nje turudie?"

Kornelia alimtengenezea baba yake blanketi.

"Kelele ipi? Sasa ndiyo imekamilika. Inakili mara tatu, na moja mpe Hermani. Ukimaliza, futa hiyo disk."